Kidole cha shahada kwanza: glovu za kulengea shabaha

Kazi yangu ni mazao. Nanunua mahindi na alizeti kuanzia sokoni Kibaigwa mpaka vijiji vya ndani ndani huko Kongwa. Siku hizi malipo mengi yanapita kwenye simu, lakini bado yupo mkulima ambaye hataki kusikia habari za muamala. Anataka noti, azihesabu mbele yako, ndipo gunia lipande gari. Kwa sababu hiyo nina bastola, ya leseni, kwa mujibu wa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na kwa kuwa ninayo, naenda renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha. Mtu mwenye silaha asiyefanya mazoezi namwogopa kuliko mwizi.

Pale renji wageni wakiniona nimebeba glovu huuliza mambo mawili: zinasaidia nini, na nimezipata wapi. La pili nitalifikia. La kwanza ndilo lenye maneno, kwa sababu glovu ya bastola haifanani na glovu nyingine yoyote niliyowahi kuvaa, na nyingi zinazouzwa madukani zinafaa kila kazi isipokuwa hiyo.

Nianze na mikono yenyewe. Yangu si laini. Mtu anayeshika magunia, kamba na sindano ya kushonea viroba tangu usichana ana sugu zake. Ila sugu za gunia ziko kwenye mashina ya vidole, na bastola haina habari na sehemu hiyo. Yenyewe inakwenda kutafuta ngozi ambayo haijawahi kufanya kazi. Mkufunzi wetu, mwanajeshi mstaafu ambaye wote tunamwita Afande, aliniona siku moja napulizia mkono baada ya kuweka silaha chini.

"Mama, unaumia wapi?"

"Mkono, Afande."

"Mkono ni mkubwa huo. Nionyeshe kwa kidole."

Nikamwonyesha. Kumbe palikuwa mahali patatu, na kila mahali pana sababu yake na dawa yake.

Pa kwanza ni gumba la kushoto, na hapo bastola yenyewe haihusiki, ni magazini, lile kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini. Ya kwangu inachukua risasi 15 za milimita 9. Zile za mwanzo zinaingia kwa raha, lakini spring inavyozidi kubanwa ndivyo inavyogoma, na tatu nne za mwisho unazisukuma kwa ncha ya gumba mpaka ukucha unakuwa mweupe. Midomo ya magazini ni bati kali. Ukijaza magazini kadhaa asubuhi moja, ngozi ya gumba inachubuka. Nilidhani hapo ndipo glovu itanisaidia. Afande akatoa mfukoni kifaa kidogo cha plastiki cha kujazia magazini, unakivika juu, unabonyeza, risasi inateleza ndani, basi. Gumba likapona bila glovu. Kwa hiyo kama maumivu yako yote yako kwenye gumba la kujazia, usinunue glovu, nunua hicho kifaa.

Pa pili ni ule utando wa ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada wa mkono wa kulia. Bastola ikilia, slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, inarudi nyuma kwa nguvu na silaha nzima inapiga teke kwenye ule utando. Ukishika chini mno, mdomo wa bastola unaruka juu na mpini unasugua kila risasi inapotoka. Ukishika juu kupita kiasi, na mkono wako una nyama, slaidi inaweza kukukata mistari miwili myembamba sambamba, ambayo ukikutana nayo mara moja hutaisahau. Dawa ya kwanza hapo ni kushika vizuri: utando upande mpaka ukutane na ule mkunjo wa juu wa mpini, usiache uwazi, na usipite hapo. Glovu inakuja baada ya hilo. Afande ana neno lake juu ya watu wanaovaa glovu nene yenye jeli kwenye kiganja kabla hawajajua kushika: anasema wamenunua dawa ya maumivu ya jino bovu, na jino bado limo. Namuunga mkono. Jeli inapunguza teke kweli, lakini inaacha silaha icheze mkononi, na kila baada ya risasi unajikuta unaupanga mkono upya.

Pa tatu ndipo glovu ilipojipatia nafasi yake kwangu. Ni kiganja cha kushoto. Mkono wa kushoto, kwa sisi tunaotumia wa kulia, ndio unaobana zaidi; wa kulia unatakiwa ubaki mlegevu kidogo ili kidole kifanye kazi yake kwa utulivu. Sasa mipini ya bastola za kisasa imetiwa vipele makusudi isiteleze. Inashika vizuri, lakini kwenye ngozi iliyolowa jasho vile vipele ni msasa.

Na hapa Dodoma jasho lina mwenzake. Mji huu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, nchi kame, mvua ni za Desemba hadi Aprili na hata hizo ni za kubahatisha. Miezi inayobaki ni upepo na vumbi jekundu. Kwa sababu hewa ni kavu jasho linakauka haraka, na wengi hudhani mikono yao haitoki jasho. Lakini chumvi inabaki, vumbi linaganda juu yake, na ukishika mpini unashika mchanga. Oktoba na Novemba, jua likiwa utosini na mvua bado, nusu saa inatosha kuona kiganja kimekuwa chekundu chini ya gumba. Juni na Julai mambo yanageuka. Alfajiri ni baridi, chuma ni baridi zaidi, vidole vinakufa ganzi na kifyatulio hukisikii sawasawa. Nataka mtu anayechagua glovu aijue kwanza hali ya hewa ya mahali pake. Glovu inayosifiwa na mtu wa nchi ya theluji imetengenezwa kuhifadhi joto, na joto ndicho kitu tusichokihitaji miezi tisa au kumi kwa mwaka.

Haya, madukani. Glovu zilizoandikwa kuwa za kulengea shabaha sikuziona Dodoma. Nilichokiona ni vya aina tano, na vyote nimevivaa.

Maduka ya vifaa vya ujenzi yana zile za kuchomelea, za ngozi ya ng'ombe iliyopasuliwa. Ni ngumu, ni nene, kidole kimoja kinakuwa kama viwili. Hizo zisahau kabisa, hata ukipewa bure. Maduka ya spea za pikipiki yana glovu za bodaboda zenye plastiki ngumu juu ya vifundo. Hicho kiplastiki ni cha kukulinda ukianguka, kwenye renji hakina kazi, na kiganja chake kina mshono mnene katikati kabisa ya mahali mpini unapokaa. Baada ya magazini moja ule mshono unaanza kujichora kwenye nyama. Tatu ni zile za mafundi magari, kitambaa chepesi mgongoni na ngozi bandia nyembamba kiganjani. Hizi ni za heshima. Zinapumua, zinafuliwa, na kama kidole chake si kipana zinafaa kwa mtu anayeanza. Ila chagua zile zisizo na vidoti vya mpira kiganjani, maana vidoti juu ya vipele vya mpini vinang'ang'ania, na mkono ukiwekwa vibaya kidogo hautelezi kwenda mahali pake.

Ya nne niliikuta Majengo, kwenye mitumba, ndani ya lundo la kofia na soksi. Ilikuwa nyeupe, laini, nyembamba mno, ya mkono wa kushoto, na peke yake. Kijana muuzaji akaanza kuomba radhi kabla sijauliza.

"Anti, hiyo mwenzake hayupo. Nikupunguzie?"

"Ni ya gofu hii. Haina mwenzake toka kiwandani."

Akanitazama kama ninamtania. Lakini ndivyo ilivyo: mchezaji wa gofu anayetumia mkono wa kulia huvaa glovu kwenye mkono wa kushoto tu, ule unaokamata fimbo. Ngozi yake mara nyingi ni ya kondoo, iliyolainishwa mpaka unaweza kuhisi mstari wa sarafu ukiwa umeivaa. Mimi nilihitaji kinga kwenye kiganja cha kushoto. Tukaelewana bei bila kelele. Udhaifu wake ni mmoja: haidumu. Vipele vya bastola vinaitafuna, na sehemu ya chini ya gumba ndiyo inayotangulia. Hata hivyo kwa bei ya mtumba sioni hasara.

Ya tano ni ya mkono wa kulia, ambao niliutakia ngozi ya mbuzi. Sisi wa mikoa hii ngozi ya mbuzi tunaijua kwa macho: ni nyembamba lakini ina nyuzi imara, haipasuki kirahisi kama ya kondoo, na inalainika kadiri unavyoivaa. Nilipata jozi ya glovu za kazi za ngozi hiyo, unene wake hata milimita moja haifiki, isiyo na bitana ndani. Bitana ni adui. Inajikunja kwenye ncha za vidole, na inateleza huku ngozi ya nje imetulia, kwa hiyo unadhani umeshika kumbe umeshikilia kitambaa.

Kuhusu saizi, acheni kubahatisha kwa macho. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, zungushia kiganja kwenye vifundo, gumba libaki nje. Sentimita 18 hivi ni saizi 7, sentimita 20 ni saizi 8, sentimita 23 ni saizi 9. Mimi niko sentimita 19, yaani katikati. Kwa ngozi ukiwa katikati chukua ndogo, kwa kuwa ngozi itanyooka. Kwa kitambaa na ngozi bandia chukua kubwa, hazitanyooka sana. Wanawake tusikubali kuambiwa "hizi ni fri saizi". Fri saizi imepimwa kwa mkono wa mwanamume, na nusu sentimita ya ngozi inayoning'inia mbele ya kidole inaweza kukuletea balaa, kama nitakavyoeleza.

Dukani sikwenda na bastola, na wewe usithubutu. Nilikwenda na sarafu ya shilingi 200 na kalamu ya kubonyeza. Unavaa glovu, unaweka sarafu mezani, unaiokota kwa gumba na shahada. Ukishindwa, glovu ni nene au ni ndefu; irudishe. Kisha unashika kalamu, unaibonyeza polepole ukisikiliza kwa ncha ya kidole pale inapoanza kukaza kabla haijalia. Kama hukukisikia kile kikazo, hutakisikia cha kifyatulio pia. Mwisho unakunja ngumi kwa nguvu na kutazama kiganjani: ngozi ikijikusanya mikunjo, mikunjo hiyo hiyo itakaa kati yako na mpini. Muuzaji mmoja wa vifaa vya kazi alinitazama nikibonyeza kalamu yake mara nyingi mpaka akaniuliza kama naitaka au siitaki.

Sasa kidole cha shahada. Nimekichelewesha lakini ndicho kinachoamua yote.

Kifyatulio cha bastola nyingi za kawaida kinahitaji uzito wa karibu kilo mbili na nusu kukivuta, na mlengaji mzuri hakivuti kwa mpigo. Anakisogeza mpaka kikaze, anatulia hapo, anaendelea kubana mpaka silaha ilie yenyewe. Kisha anakiachia taratibu mpaka kilie kidogo kikirudi, tayari kwa risasi inayofuata. Mambo yote hayo yanasomwa na ngozi ya ncha ya kidole. Ukiweka ngozi nyingine juu yake umepunguza kusoma. Hilo ni upande wa shabaha tu. Upande wa usalama ni mzito zaidi: kidole kilichonenepeshwa na glovu kinajaza ile nafasi ndani ya mlinzi wa kifyatulio, ile pete ya chuma inayokizunguka, na kinaweza kukigusa kabla mwenye nacho hajaamua. Kinaweza pia kukizuia kisirudi mbele kikamilifu, ukabonyeza na silaha isilie. Na ile ncha inayoning'inia, ya glovu iliyokuzidi saizi, inaweza kunasa pale unapotoa kidole. Kanuni zetu za renji ni zile zile za kila mahali: kila silaha ichukulie kuwa ina risasi, mdomo usielekee usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ubavuni mpaka macho yawe kwenye shabaha na umeamua, na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Glovu yoyote inayoifanya kanuni ya tatu kuwa ngumu haina faida nyingine ya kufidia.

Kwa hiyo ile ya kulia niliipeleka kwa fundi viatu. Nikamwambia akate kidole cha shahada, pingili mbili za mbele zibaki wazi.

"Nikate hapa kwenye ncha tu, mama? Itapendeza zaidi."

"Hapana baba, shuka. Shuka tena. Hapo."

Sababu ya kushuka ni pindo. Popote unapokata panahitaji kushonwa ngozi isifumuke, na mshono una unene. Ukikata karibu na ncha, lile pindo linakaa sawasawa na mlinzi wa kifyatulio na linagusa chuma kila kidole kinapoingia na kutoka. Ukishuka mpaka nyuma ya pingili ya pili linabaki nje ya njia. Fundi alitaka kukunja pindo kwa ndani kama anavyofanya kwenye viatu; nikamwomba akunje kwa nje, hata kama halipendezi, ili uzi usisugue ngozi. Akaniuliza ni kazi gani inayotaka kidole kimoja tu uchi. Nikamwambia ni kazi ya kuhesabu hela, na hakuuliza tena.

Mkanda wa kifundo cha mkono nao una mambo yake. Velkro pana iliyochakaa inanasa kila kitu, hasa mkono wa shati na ukingo wa pochi ya bastola kiunoni. Mkanda uwe mwembamba, ncha yake iishie juu ya kifundo, isielekee upande wa ndani unaopita kwenye pochi.

Kuna jambo Afande analisisitiza ambalo mwanzoni nililiona kama ukorofi wa kijeshi. Hakuna kuanza na glovu. Magazini za kwanza unapiga mikono mitupu, ukiwa na nguvu na akili imetulia. Hoja yake ni kwamba mimi ninabeba bastola kwa ajili ya njia ya Kibaigwa, na njiani sitembei nimevaa glovu, wala hakuna jambazi atakayenisubiri nivae. Mkono utakaohitajika siku hiyo ni mkono mtupu, basi mkono mtupu ndio ufundishwe. Glovu zinaingia baadaye, ngozi ikishaanza kuchoka, ili niweze kuongeza mazoezi bila kuanza kuikwepa silaha. Maana maumivu yana tabia hiyo: mkono ukishajua kwamba teke linakuja, unajikunja sekunde moja kabla, na risasi inakwenda chini kushoto. Ukiona matundu yako yanahamia huko kila unapokaribia mwisho wa mazoezi, yamkini mkono umeshaanza kuogopa. Mimi hapo ndipo ninapovaa.

Na kama fedha ni ya kitu kimoja, isiwe glovu. Mlio wa bastola ya milimita 9 unakaribia desibeli 160, na sauti ya ghafla kuanzia 140 inatosha kuharibu sikio papo hapo. Vizibo vya masikio na miwani ya kinga vinatangulia, kiganja kitajiponya chenyewe.

Glovu zina kazi nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Kile kifataki kidogo kilicho kitakoni mwa risasi, na risasi yenyewe, mara nyingi vina madini yanayoitwa pia risasi (kwa Kiingereza lead) ndani yake, na moshi unayatua mikononi, kwenye nguo na kwenye silaha. Ni sumu, na kwa watoto ni mbaya zaidi. Glovu inapunguza yanayofika kwenye ngozi, lakini yenyewe ndiyo inayoyabeba. Zangu zinakaa kwenye mfuko wake wa plastiki, haziingii kwenye mkoba wenye simu na karanga, wala hazifuliwi pamoja na nguo za nyumbani. Nikizivua nanawa kwa sabuni kabla sijagusa chakula au chupa ya maji. Wakati wa kusafisha silaha sizivai kabisa. Hapo natumia zile za bluu za hospitali, za naitraili, ambazo ni za kutupa. Zile nyeupe za lateksi zikikutana na mafuta ya silaha zinalegea na kutoboka.

Glovu za ngozi nazifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, nazikausha kivulini. Jua la Dodoma likiipata ngozi iliyolowa, jioni unaokota kitu kikavu kama samaki wa Mtera. Zikiwa na unyevu kidogo nazivaa dakika chache, nikunje ngumi na kukunjua, zikauke zikiwa na umbo la mkono wangu.

Ile ya mbuzi bado nzima, hata pindo la fundi halijaachia uzi mmoja. Ya gofu ndiyo imechoka: chini ya gumba ngozi imekuwa nyembamba kiasi cha kuona rangi ya kiganja. Nimemwambia kijana wa Majengo balo likifunguliwa aniwekee nyingine, ya kushoto. Wiki iliyopita akanipigia kwa furaha kwamba ameipata, na safari hii ni ya kulia.